Kadi ipi ya mwaka? Kisa cha familia moja ya Leicester

Kila Pasaka inapokaribia, Waswahili tulio Uingereza tunaulizana swali lilelile: kati ya kadi hizi za uanachama za kutembelea ngome na majumba ya kale, ipi inarudisha hela yake? Safari hii aliyeniuliza ni dada mmoja Mtanzania anayeishi Leicester. Alikuwa na vijitabu viwili mezani, kimoja cha National Trust na kingine cha English Heritage, na moyo wake ulishaegemea cha kwanza kwa sababu kina kurasa nyingi zaidi. Nimeona nikiandike kisa chake chote, kwa kuwa hesabu tuliyoifanya inafaa familia nyingi zinazofanana na yake, na pia kwa sababu jibu tulilolifikia silo ambalo vijitabu vinakuelekeza.

Nianze na hali ya nyumba. Watoto ni watatu, mkubwa ana miaka 13 na mdogo 6. Baba anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa na zamu zake karibu zote zinaangukia mwisho wa wiki. Gari ni moja, na baba ndiye anayeondoka nalo. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watoto wako huru, mama anabaki na basi na treni. Halafu kuna mama mkwe, anayekuja mwezi Mei kutoka Bagamoyo kukaa nao hadi vuli. Ni mtu wa hadithi na historia, lakini magoti yanamsumbua. Bajeti ya viingilio kwa mwaka mzima: pauni mia moja, ikizidi isizidi sana.

Mashirika haya mawili watu huyachanganya, na si ajabu, kwa kuwa alama zao za barabarani zinafanana rangi na shughuli zao zinafanana kwa mbali. National Trust lilianzishwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, likiwa shirika la hiari tangu siku ya kwanza. Jengo lake la kwanza, nyumba ya kasisi ya Alfriston huko Sussex, lilinunuliwa mwaka 1896 kwa pauni 10. Leo lina wanachama zaidi ya milioni tano na linafanya kazi England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mali yake ni majumba ya mabwana yaliyojaa samani na picha, bustani, misitu, milima na vipande virefu vya pwani. English Heritage asili yake ni serikali. Mwaka 2015 kazi iligawanywa: utunzaji wa majengo ya taifa ukapewa shirika jipya la hiari lililobaki na jina hilo, na kazi ya ushauri na ulinzi wa kisheria ikaenda kwa Historic England. Kwa hiyo ukilipa English Heritage unategemea zaidi mawe: ngome, magofu ya monasteri, kambi za Warumi, minara. Samani ni chache.

Kijitabu cha National Trust kinataja maeneo zaidi ya 500, cha English Heritage zaidi ya 400. Hapa ndipo watu wengi wanapoamulia, na mimi nadhani ndipo pa kuwa na shaka. Katika hayo mia nne na zaidi ya English Heritage, maeneo yapatayo 250 hayana kiingilio kabisa. Mtu yeyote anaingia, mwanachama na asiye mwanachama. Ni vipande vya ukuta katikati ya shamba, kanisa lisilo na paa, jiwe la kale kando ya njia. Ni pazuri kutembelea, ila kadi haikuongezei kitu pale. Na kwa National Trust, sehemu kubwa ya nyika, vilima na pwani iko wazi kwa kila mtu vilevile. Anachopata mwanachama huko ni kuegesha gari bure. Kwa mtu mwenye gari anayependa kutembea kila Jumapili, hilo ni jambo kubwa, kwani ada za maegesho peke yake zinaweza kuilipa kadi. Kwa dada yetu anayeshuka kwenye basi, thamani yake ni sifuri.

Tukachukua kalamu, tukakata kwenye vijitabu vyote viwili kila eneo ambalo halina kiingilio, na kila eneo ambalo asingefika na kurudi kwa siku moja kwa basi au treni akiwa na mtoto wa miaka sita. Kitabu kinene kilikonda kuliko chembamba. Majumba ya National Trust yalijengwa na matajiri waliotaka kuishi mbali na watu. Jumba liko katikati ya bustani, bustani iko katikati ya mashamba, na kutoka lango la barabarani hadi mlango wa nyumba ni mwendo. Ngome ni kinyume chake. Ngome ilijengwa kutawala njia, kivuko au soko, na mji ukakua kuizunguka. Ndiyo sababu leo unashuka stendi, unatembea dakika chache, na ngome hii hapa.

Halafu likaja suala la watoto, na kwangu mimi ndilo lililoamua kesi. National Trust wana kadi ya familia, yenye mtu mzima mmoja au wawili pamoja na watoto wao, na bei yake ni kubwa kuliko ya mtu mmoja. English Heritage hawahitaji kadi ya familia. Kila mwanachama mtu mzima anaingia na watoto wa chini ya miaka 18 wa familia yake, hadi sita, bila kuongeza hata senti. Maana yake, mama huyu akinunua kadi moja tu kwa jina lake, watu wanne wanaingia. Miaka hii ya karibuni kadi ya mtu mzima mmoja ya English Heritage imekuwa kati ya pauni 70 na 90, na ya wawili kati ya 120 na 150. Ya familia nzima ya National Trust yenye watu wazima wawili imekuwa kati ya 145 na 180.

Yeye mwenyewe alikuwa akifikiria kadi ya watu wazima wawili. “Si vizuri kumwacha baba yao nje, kaka,” aliniambia. Namwelewa. Lakini nikamwomba ahesabu kwenye kalenda wikiendi ambazo mumewe atakuwa nyumbani kuanzia Aprili hadi Oktoba. Zilikuwa chache mno. Tofauti ya bei kati ya kadi ya mmoja na ya wawili ni zaidi ya pauni 50, na kwa fedha hiyo baba anaweza kukata tiketi langoni mara mbili tatu na bado abaki na chenji. Kumlipia kadi kungekuwa kumlipia nafasi ambayo zamu zake hazimruhusu kuikalia.

Katika kulinganisha kadi na tiketi, kuna hesabu moja ambayo watu hujidanganya nayo. Wanachukua bei ya mtu mzima, wanaongeza bei ya kila mtoto, wanapata jumla ya kutisha, kisha wanasema kadi inajilipa kwa safari mbili. Langoni kuna tiketi ya familia, ya mtu mzima mmoja na watoto hadi watatu, na ni nafuu kuliko kujumlisha kichwa kwa kichwa. Hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo. Ukilinganisha hivyo, kwa ngome za kawaida za katikati ya England, kadi ya mama huyu inarudi kwenye safari ya tatu au ya nne. Maeneo makubwa kama Stonehenge au ngome ya Dover, ambako mtu mzima peke yake hulipa zaidi ya pauni 20, yangeirudisha upesi zaidi, ila kutoka Leicester yako mbali na nauli ya treni ingemeza faida yote. Nauli ni sehemu ya kiingilio.

Basi je, zipo safari nne za kweli? Tukaziorodhesha moja moja.

Ya kwanza ni Ashby de la Zouch, mji mdogo wa Leicestershire wenye ngome katikati yake, basi linafika. Mwenyewe alikuwa William Hastings, aliyepewa kibali cha kuijenga ngome mwaka 1474, akakatwa kichwa mwaka 1483 kwa amri ya Richard, ambaye wiki chache baadaye alitawazwa mfalme Richard III. Watoto wa Leicester wanamjua Richard huyo vizuri kuliko mfalme yeyote, kwa sababu mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini mwao. Mnara wa Hastings una urefu wa mita 24, na nusu yake imebomolewa kwa makusudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, kwa hiyo ukisimama uwanjani unaona ndani ya vyumba kama umekata nyumba kwa msumeno: meko imening'inia ukutani hewani, na mlango usioelekea popote. Lakini kinachowavuta watoto ni njia ya chini ya ardhi inayotoka jikoni hadi mnarani. Ina giza, ina unyevu, na unateremka ngazi ukiwa umeshika tochi. Mtoto wa miaka 6 atataka kurudia mara tano, na hapo ndipo kadi inapofanya kazi yake: huna haraka, hujalipa siku hiyo, ukichoka unarudi nyumbani, ukitaka unakuja tena mwezi ujao kwa saa moja tu.

Ya pili ni Kenilworth. Treni ya kutoka Leicester inakufikisha Nuneaton, unabadilisha ukipitia Coventry, na tangu mwaka 2018 mji wa Kenilworth una kituo chake tena baada ya miongo mingi bila kituo. Ngome ya mawe mekundu, iliyozingirwa na jeshi la mfalme mwaka 1266 kwa karibu nusu mwaka kabla ya njaa na maradhi kuwalazimisha waliokuwemo kufungua mlango. Baadaye ikawa ya Robert Dudley, na cheo chake cha kikabaila kilikuwa Earl wa Leicester, jambo lililomfurahisha mtoto mkubwa. Dudley alimkaribisha Malkia Elizabeth I hapa mwaka 1575 kwa siku 19, na alimjengea jengo zima la kulala. Bustani aliyomtengenezea ilipandwa upya mwaka 2009, ina chemchemi ya marumaru na njia tambarare, na mama mkwe ataweza kuitembea akiwa na fimbo yake.

Ya tatu ni Clifford's Tower mjini York, safari ya siku nzima kwa treni, nayo inahitaji kukata tiketi mapema ili nauli ishuke. Ya nne ni Ashby tena. Sikuona aibu kuihesabu mara mbili. Mahali unapoweza kurudi ndipo panapolipa kadi, na watoto hawachoki na shimo lenye giza.

Siwezi kuiacha National Trust hivihivi, kwa sababu kuna vitu vyake ambavyo ningependa familia hii ivione. Calke Abbey, jumba lililo mpakani mwa Derbyshire, lilichukuliwa mwaka 1985 likiwa limechakaa na kujaa vitu ambavyo ukoo wa Harpur Crewe haukuvitupa kwa vizazi, na wakaamua kutolipaka rangi bali kulizuia lisioze zaidi. Rangi inabanduka ukutani na ndivyo ilivyoachwa. Humo kuna kitanda cha hariri ya Kichina cha karne ya 18 ambacho kilikaa ndani ya masanduku miaka na miaka bila kufunguliwa, na ndiyo maana rangi zake bado zinawaka. Na huko Southwell, Nottinghamshire, kuna nyumba ya maskini iliyojengwa mwaka 1824, mahali ambapo mtu asiye na chakula aliingia kwa hiari kwa kuwa njia nyingine hakuwa nayo, na akishaingia mume alitengwa na mke, na watoto wakatengwa na wote wawili. Mtu akikuambia urithi wa Uingereza ni vikombe vya dhahabu tu, mpeleke Southwell. Ndilo eneo ambalo ningemsihi kila mhamiaji alione, kwa sababu linaeleza mengi kuhusu jinsi nchi hii ilivyowatazama wanaoomba msaada.

Tena National Trust walifanya jambo la kuheshimika mwaka 2020, walipochapisha ripoti iliyotaja maeneo yao 93 yenye uhusiano na utumwa na ukoloni. Walishambuliwa sana na hawakuifuta. Kwa Mswahili anayepita kwenye kumbi hizo na kujiuliza fedha zilitoka wapi, hilo lina uzito.

Pamoja na hayo yote, Southwell inaendewa mara moja, labda mbili, na tiketi ya siku moja inatosha. Kadi ya familia kwa ajili ya majumba mawili yasiyofikika kwa urahisi bila gari haina hesabu. Kama baba angekuwa huru Jumapili, au gari lingebaki nyumbani, ningegeuza kauli yangu: familia yenye gari na watoto wadogo, inayotaka nyasi, bata, vyoo safi na chai kila wiki, hata majira ya baridi, haina cha kuizidi National Trust. Maeneo mengi ya English Heritage hupunguza siku za kufungua wakati wa baridi, na mvua ikinyesha kwenye magofu hakuna pa kujificha.

Mama mkwe alikuwa na matakwa yake, na yalitufunza jambo ambalo kijitabu kisingetuambia. Mtu wa Bagamoyo anajua habari ya mwili wa David Livingstone, uliobebwa kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi pwani, ukalazwa misheni ya Bagamoyo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa London. Yeye hakuwa na shauku na Livingstone; aliwataka Susi na Chuma, wahudumu wake walioubeba mwili huo. Sasa, wawili hao walifika Uingereza mwaka huohuo wa 1874, wakachelewa mazishi ya Westminster Abbey, na walipigwa picha Newstead Abbey huko Nottinghamshire, nyumba ambayo Livingstone alikaa mwaka 1864 hadi 1865 akiandika kitabu cha safari yake ya Zambezi. Newstead si mbali na Leicester. Kadi ipi inaifungua? Hakuna. Ni mali ya Halmashauri ya Jiji la Nottingham tangu mwaka 1931. Westminster Abbey nayo haimo kwenye kadi yoyote kati ya hizi. Mahali palipokuwa na maana kuliko pote kwa mtu huyu palikuwa nje ya vijitabu vyote viwili, na tulitenga pauni zake mapema, pamoja na teksi ya kumtoa barabarani hadi mlangoni mwa jumba la Newstead, kabla ya kugusa fedha ya kadi.

Kumwingiza mama mkwe mwenyewe kwenye uanachama hatukuona faida. Kadi ina jina la mtu na haiazimwi. Akiondoka vuli inabaki karatasi. English Heritage wana pasi ya wageni kutoka ng'ambo, lakini ni ya siku 9 au 16 mfululizo, imetengenezwa kwa mtalii mwenye gari la kukodi anayekimbia ngome mbili kwa siku. Mtu wa magoti hakimbii. Atalipa bei ya wazee langoni Kenilworth, basi.

Kuna njia moja ya mkato ambayo wenyeji wanaojua huitumia, na ilimvutia sana dada yetu nilipomweleza. Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza ngome kama Caernarfon, Conwy na Harlech, ina uanachama wa bei nafuu kuliko English Heritage, na huhitaji kuishi Wales kujiunga. Mwanachama wa Cadw analipa nusu bei kwenye maeneo ya English Heritage katika mwaka wake wa kwanza, na akihuisha uanachama anaingia bure. Historic Environment Scotland, wenzao wa Scotland, wana mpango kama huo. Ni njia halali kabisa. Ila inamfaa mwenye subira, na mwenye kwenda Wales mara kwa mara. Familia hii inataka mwaka huu, bibi yao akiwepo, na mwaka wa nusu bei ungewagharimu kila langoni. Tuliiweka pembeni.

Mengine niliyomwonya nitayapitia haraka. Warwick Castle, ambayo watoto wameiona kwenye matangazo, iko chini ya kampuni ya burudani ya Merlin na kadi hizi hazifui dafu pale. Tower of London na Hampton Court ni za Historic Royal Palaces, nao wana uanachama wao. Kwa mtu wa Leicester anayekwenda London mara moja kwa mwaka haufai, na familia inayopokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kupata tiketi za pauni 1 huko. Mwezi Septemba kuna Heritage Open Days, ambapo majengo mengi ya England hufungua milango bila kiingilio, yakiwemo ambayo kwa kawaida hayafunguliwi kabisa. Na kabla ya kununua tiketi ya mahali popote panapoendeshwa na shirika la hiari, soma maandishi madogo: sheria ya kodi inaruhusu shirika kudai nyongeza ya senti 25 kwa kila pauni kutoka serikalini kama tiketi yako inakuruhusu kurudi mwaka mzima, na ndiyo maana sehemu nyingi, Windsor Castle ikiwemo, hukubali kuigeuza tiketi ya siku kuwa pasi ya miezi 12 ukiomba. Usipoomba, hupewi.

Uamuzi ukawa hivi: kadi moja ya English Heritage kwa jina la mama, ya kujiunga palepale langoni Ashby Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Pasaka badala ya kukata tiketi, ili miezi yote ya jua iingie ndani ya mwaka wake. Baba atalipa siku atakayokuwepo. Newstead na Southwell kwa tiketi za kawaida, mama mkwe akiwepo. Alikubali kulipa kwa makato ya benki, na tukaandika kwenye simu yake ukumbusho wa wiki tatu kabla ya tarehe ya kuhuisha, kwa sababu makato haya hujirudia yenyewe. Mumewe ameomba zamu za katikati ya wiki kuanzia Januari. Akizipata, gari litakuwa nyumbani Jumapili, na ukumbusho huo ukilia tutafungua tena kitabu kile kinene.